Idara ya Kukata Salamu

Nchi ninayoisimulia si yetu. Nimehakikisha. Kwetu mto mkubwa uko kulia ukiitazama ramani, huko uko kushoto. Na kwetu, kama mnavyojua, wakubwa hawapendi kusifiwa. Atakayeona nchi hizi mbili zimefanana, ajue ramani ameishika kichwa chini.

Basi nchi hiyo ilipata kuwa na viwanda kumi na kimoja. Kulikuwa na cha majembe, cha blanketi, cha betri, cha vyandarua, na vingine ambavyo hata waliovifanyia kazi hawakukubaliana vilikuwa vikitengeneza nini. Vikafungwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa ngoma na risala. Kilipofungwa cha mwisho, Serikali ilikaa, ikatafakari, ikaunda Wizara ya Viwanda. Kabla ya hapo haikuwa nayo, kwa sababu viwanda vilikuwepo na vingeisumbua.

Chini ya Wizara ikawekwa Idara ya Kuhifadhi Barua za Viwanda, na huko ndiko nilikopata kazi ya kuchemsha chai. Tulikuwa watumishi mia moja na arobaini, wengi kuliko waliowahi kuajiriwa na kiwanda cha blanketi. Idara ilikaa ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani cha viberiti kilichoitwa Mwanga wa Taifa, kwa kuwa ndicho pekee kilichobaki na barua zake. Za viwanda vingine ziliungua, zikaliwa na mchwa, zikafungiwa karanga. Za Mwanga wa Taifa zilisalia salama, maana kila aliyetaka kuzichoma alitumia viberiti vya hapo hapo.

Nilizisoma nyingi wakati wa kufagia. Elimu ya darasa la saba inatosha kusoma barua, ingawa pale walisema inatosha kwa chai. Wateja waliandika kutoka kila wilaya. Mmoja alisema, "Nimepiga njiti arobaini, zote zimegoma. Ya arobaini na moja imewaka ikiwa mfukoni." Mwingine alishukuru: "Viberiti vyenu vinafaa sana kwenye nyumba yenye watoto. Wanavichezea bila hofu yoyote." Na Meneja wa kiwanda, Bwana Mtengula, alimjibu kila mmoja kwa mkono wake. Alikuwa mtu wa zamani yule. Hakuweza kukuambia njiti zimekwisha kabla hajajua kama mbuzi wako amezaa, amezaa wangapi, na yule mtoto wenu wa pili kifua kimepona au bado.

Hapo ndipo shida ya Taifa ilipoanzia.

*

Mkurugenzi wetu alikuwa Dokta Zefania Mkumbwa. Alikuwa na shahada tatu, mbili zikiwa zake mwenyewe. Siku moja alituita wote ukumbini, penye mashine kubwa ya kukatia njiti iliyopakwa rangi ya dhahabu, akapanda juu ya kiti.

"Ndugu watumishi," akasema, "Sheria ya Barua iko wazi kama mchana. Barua za shughuli zihifadhiwe, raia azione. Barua binafsi zitiwe lakiri, zisifunguliwe kwa miaka sabini, kulinda siri za waandishi. Sasa mimi nimesoma barua elfu mbili. Sijaona hata moja ya shughuli iliyo safi. Zote zimechafuliwa na salamu."

Watu wakaguna kwa masikitiko.

"Salamu ni jambo la mtu na mtu. Shughuli ni jambo la Taifa. Hatuwezi kulihifadhi Taifa likiwa limegandamana na 'watoto hawajambo'."

Akanyoosha mkono Bwana Laurenti Masesa, karani wa masijala, mtu mwembamba aliyekuwa akikunja hata karatasi ya andazi kwa rula. "Mheshimiwa, tutajuaje salamu zinapoishia?"

Dokta Mkumbwa akatabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo tangu chuoni. "YAH," akasema.

Kila aliyewahi kuandika barua ya ofisi anaijua YAH. Ndiyo ile inayokaa katikati, imepigiwa mstari chini yake, ikitaja barua inahusu nini. Ikaamuliwa kwamba kila kilicho juu ya YAH ni salamu, kikatwe. Kila kilicho chini ni shughuli, kibaki. Lakini mwisho kabisa, pale mtu anapoandika "Wako mtiifu" na jina lake, pakatwe pia, kwa sababu mtu mzima kumwambia mwenzake "mimi ni wako" ni mambo ya ndani.

Bwana Laurenti akapandishwa cheo siku hiyo hiyo, akawa Afisa Mkasi Mwandamizi. Alipewa meza, rula, glavu nyeupe na makasi manne. Vipande vya shughuli vilikwenda Chumba A. Vya salamu vilikwenda Chumba B, chenye mlango wa chuma, vikafungwa utepe mwekundu na kupigwa lakiri. Walinzi wa vyumba hivyo viwili walikatazwa kusalimiana, ili habari zisivuje.

Nilimwona siku moja akikata barua iliyokuwa na salamu tu, mwanzo mpaka mwisho, ukurasa wa mbele na wa nyuma. Aliikata, akaikata, mpaka mezani pakabaki hewa. Akafungua daftari, akaandika: "Imehifadhiwa."

*

Bi Somoe binti Nakolea alikuja dirishani Jumatatu moja, na kila Jumatatu iliyofuata. Alikuwa mjane wa Fundi Mfaume Likwata, aliyekuwa akizitengeneza mashine za kiwanda zilipoharibika, yaani kila siku. Aliishi nyuma ya kiwanda, kota namba kumi na nne. Kota zilikuwa kumi na nane, sasa imebaki hiyo moja. Nyingine zilibomolewa kupisha Ghala la Barua Awamu ya Pili, kwa kuwa nafasi ilikuwa haitoshi tena. Barua zilivyokatwa, kila moja ilikuwa tatu.

Alikuwa ameletewa notisi ya siku thelathini: ahame, ama alete maandishi kwamba nyumba ni haki yake. Maandishi yalikuwepo. Fundi alipofariki, Meneja Mtengula alimwandikia mjane barua kwamba atakaa kwenye nyumba ile maisha yake yote. Barua yenyewe ililowa mwaka wa mafuriko, ikawa uji. Lakini Meneja alikuwa hafanyi jambo bila kuacha nakala, na nakala zake zote tulikuwa nazo sisi.

Bi Somoe hakujua kusoma. Kuzungumza alijua.

"Hodi humu. Hamjambo wanangu?"

Bwana Laurenti alitazama saa ya ukutani. "Mama, sema shida."

"Hata shikamoo, baba?"

"Shikamoo ni jambo binafsi. Nitakuamkia saa tisa na nusu, nikishatoka kazini."

"Basi na mimi nitakuambia shida yangu saa tisa na nusu."

Akakaa kwenye benchi. Saa tisa na nusu Bwana Laurenti akatoka, akavua glavu, akainama kwa adabu zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umeshindaje? Mama yako hajambo? Yuko wapi siku hizi? Na baba? Ah, pole. Lini? Aliugua nini?"

Walipomaliza, mlinzi alikuwa ameshafunga geti, na shida haijatajwa. Jumatatu ya pili ikawa vilevile, safari hii wakafika mpaka kwa babu zake Bwana Laurenti. Ndipo nilipomwita jikoni, nikampa chai, nikamuuliza kulikoni. Akanieleza. Siku kumi na nne zilikuwa zimekwenda.

"Bibi," nikamwambia, "Jumatatu ijayo anza na shida. Salamu uziache nyumbani."

"Wewe Sikudhani, mimi nikamwingilie mtu mzima kama naleta mashtaka?"

"Mara moja tu, bibi."

Jumatatu ya tatu alisimama dirishani, akafumba macho, akasema, "Nataka barua ya nyumba namba kumi na nne." Halafu akaja moja kwa moja jikoni, akaomba maji asukutue.

*

Barua ilipatikana Chumba A baada ya siku tisa. Nilikuwa namimina chai ofisini kwa Mkurugenzi walipoileta kwenye sinia. Kilikuwa kipande kifupi, kimenyooka juu na chini. Bi Somoe aliitwa, akakalishwa kwenye ncha ya kochi. Dokta Mkumbwa akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya redio.

"'YAH: NYUMBA NAMBA KUMI NA NNE. Nyumba hiyo utakaa wewe mpaka mwisho wa maisha yako, na asikutoe mtu yeyote, awe wa kampuni, awe wa Serikali.'" Akakigeuza kile kipande, nyuma hakuna kitu. "Wewe nani?"

"Haisemi, Mheshimiwa," akajibu Bwana Laurenti. "Jina lilikuwa juu ya YAH."

"Jina ni langu," Bi Somoe akasema. "Mmelikata nyie."

"Hatukulikata, mama. Tumelihifadhi. Liko Chumba B, halitaguswa na panya wala mvua kwa miaka sabini."

"Si mkalitazame?"

"Tukilitazama tutakuwa tumefichua siri za mwenye jina bila idhini yake."

"Idhini nimewapa, mwanangu. Nendeni."

Dokta Mkumbwa akavua miwani, akamtazama kwa huruma. "Mama, tutapokeaje idhini yako na jina lako bado hatujaliona?"

 Niliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, hakuna aliyeona. Dokta Mkumbwa akasimama, akatembea mpaka dirishani na kurudi, kama afanyavyo akitaka kutoa jambo zito.

"Hata hivyo hatuwezi kuiacha barua ya Taifa bila mwenyewe. Barua inasema 'wewe'. Inamwambia nani? Inamwambia anayeisoma. Nani ameisoma? Mimi. Kwa hiyo kisheria nyumba ni yangu, na mimi, kwa uzalendo, nimeitoa ibomolewe."

Waliokuwemo walipiga makofi. Bwana Laurenti alipiga kwa vidole viwili, kwa ajili ya glavu.

"Kumbe ningejua kusoma ingekuwa yangu," akasema Bi Somoe.

"Elimu ina faida zake, mama."

Tingatinga likapangiwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

*

Jumatano baada ya kazi nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Nilimkuta ameketi mlangoni, hajafunga hata sufuria.

"Niende wapi na sufuria?" akaniuliza. "Kwetu waliokuwa wananijua wamekwisha. Hapa ndipo nilipoletwa nikiwa na meno yote."

Nikaingia ndani nianze mwenyewe. Sikuwahi kufika zaidi ya ukumbi wake. Chumba cha kulala kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na kuta nne za barua. Toka sakafuni mpaka kwenye mabati, zimebandikwa moja kando ya nyingine kama vigae, za kalamu, za taipu, za nakala ya kaboni yenye wino wa zambarau. Na zilikuwa nzima. Zilianza na "Salaam sana" na zilimalizika na "Wako mtiifu". Nilikuwa sijaona barua nzima kwa mwaka na nusu, nikasimama nimeshika ufagio kama nimekutana na mtu niliyedhani amekufa.

"Bibi, hizi zimetoka wapi?"

"Hizo? Karatasi za kiwanda. Fundi kazibandika mwenyewe, kwa uji wa muhogo. Upepo ulikuwa unapita ukutani kama mlango uko wazi. Kila mwaka ofisi ilitupa mafaili uani wayachome, hayachomeki, fundi anabeba."

Nilizihesabu. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Kisha nikamwambia, "Usifunge kitu. Ila kesho asubuhi akija dereva wa tingatinga, msalimu."

"Kwani nilikuwa nimwache?"

"Msalimu yote, bibi. Usikate."

Mnajua, Sheria ya Barua ilikuwa na kifungu cha tisa ambacho hakuna aliyekisoma isipokuwa mimi, kwa kuwa ilibandikwa juu ya jiko langu kuzuia masizi. Kilisema kwamba yeyote atakayeharibu barua ya kiwanda ambayo bado haijasajiliwa atafungwa miaka mitatu, hata akiwa Mkurugenzi. Na yeyote atakayeiona barua ya namna hiyo ataripoti kwa Fomu Namba Saba. Fomu hizo zilikuwepo boksi zima. Nilikuwa nikiziwashia mkaa.

Niliijaza moja kwa mwandiko wa kujitahidi. Idadi: mia nne na kumi na mbili. Mahali: ukutani. Hali ya barua: zimetulia. Asubuhi nikaiweka chini ya kikombe cha Dokta Mkumbwa, pamoja na maandazi mawili.

Aliisoma akitafuna. Mwanzo uso ulimng'aa, maana Waziri alikuwa amemwagiza aonyeshe ongezeko. Akasoma mpaka palipoandikwa kota namba kumi na nne. Akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na robo. Akasoma kifungu cha tisa, nilichokuwa nimekinakili chini kwa ajili yake. Andazi la pili alilisahau mkononi, akakimbia nalo.

*

Tulilikuta tingatinga limezimwa. Dereva, mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, alikuwa ameketi kwenye kigoda anakunywa uji, na Bi Somoe, katika kumsalimu, alikuwa amefika kwa shangazi wa pili wa dereva huyo.

"Yule aliyeolewa kando ya stesheni?"

"Huyo huyo, mama."

"Basi ni somo yangu. Na yule mtoto wake aliyekuwa akitapika?"

"Sasa ni polisi."

Dokta Mkumbwa alipita katikati yao bila neno, na Bwana Laurenti nyuma yake na mkoba wa makasi. Wakaingia chumbani. Nikasikia sauti ya karatasi ikivutwa.

Uji wa muhogo si mchezo. Barua ya kwanza ilitoka na chokaa, chokaa ikatoka na udongo, udongo ukatoka na fito mbili. Bwana Laurenti alipochungulia kwenye tundu alionana na dereva, na dereva akamwamkia.

"Acha," Dokta Mkumbwa akasema kwa sauti ndogo. "Umeharibu barua. Kifungu cha tisa."

Bwana Laurenti akaificha mikono nyuma. 

Kikao cha dharura kikakaa uani, juu ya vigoda vya Bi Somoe. Nilipika chai kwenye jiko lake. Waliamua hivi: kwa kuwa barua haziwezi kutoka ukutani, na ukuta hauwezi kutoka kwenye nyumba, basi nyumba nzima ni jalada. Hapo hapo Bwana Laurenti akauliza, kwa adabu, ni jalada la Chumba A au Chumba B.

Swali hilo liliwala saa mbili. Kama ni la shughuli, lingepaswa kwanza kukatwa salamu, yaani nyumba itenganishwe. Bwana Laurenti alipewa futi ya kamba, akaipima nyumba toka barazani mpaka msalani, akitafuta YAH iko usawa gani. Akadhani iko kwenye kizingiti. Kisha akadhani iko kwenye mtungi wa maji. Dereva wa tingatinga, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa kikao kwa kuwa alikaa kwenye kigoda, alishauri ianzie pale jiko lilipo. Mwisho Dokta Mkumbwa akaona amuulize mtaalamu.

"Mama, hebu tusaidie. Katika nyumba hii, shughuli inaanzia wapi?"

Bi Somoe alikuwa anaokota vikombe. Akavitua.

"Shughuli gani, mwanangu? Mmekuja toka asubuhi, mmenitoboa ukuta, mmekunywa chai yangu, hamjanisalimu. Kwangu shughuli haijaanza."

Dokta Mkumbwa akageuka taratibu akawatazama wenzake. "Andikeni," akasema. "Mwenye nyumba amethibitisha kwamba shughuli haijaanza. Kwa hiyo nyumba yote, na ua wake, iko juu ya YAH. Ni binafsi. Itiwe lakiri miaka sabini."

Bwana Laurenti akamsogelea sikioni, lakini alikuwa na mnong'ono wa kusikika. "Mheshimiwa, na Ghala la Awamu ya Pili? Waziri anakuja mwezi ujao kulifungua."

"Ghala ni nini, Laurenti?"

"Ni jengo la kuhifadhia barua, Mheshimiwa."

"Na hili hapa?"

Bwana Laurenti akaitazama nyumba, akaitazama tena. "Mheshimiwa, limekamilika kabla ya muda."

"Andika hivyo hivyo."

Wakaizungushia utepe mwekundu, mizunguko mitatu, wakafunga fundo la kipepeo mbele. Lakiri waliiyeyusha kwa kaa la Bi Somoe, wakaipiga mhuri juu ya mlango wa barazani. Yeye aliwatazama amejishika kiuno.

"Na mimi?"

Dokta Mkumbwa alipekua sheria. "Wewe ni kiambatanisho. Hakitolewi kwenye jalada. Una umri gani?"

"Sabini na mbili."

"Jalada litafunguliwa ukiwa na mia moja arobaini na mbili. Una pingamizi?"

"Sina, baba. Nitawahi kufagia."

Akaweka dole gumba kwenye fomu. Waliondoka kwa msafara, tingatinga likiwa mbele kwa heshima. Nyuma kabisa alikuwa Bwana Laurenti. Alipofika kona alisimama, akarudi mbio, akainama. "Kwaheri mama," akasema, akakimbia tena kabla hajaulizwa kitu.

*

Siku iliyofuata nilipitia mlango wa uani, ambao sheria haikuutaja, nikiwa na maandazi ya ofisini. Bi Somoe alikuwa amekaa kitandani, ananingoja.

"Ehe," akasema. "Kama zina maana kubwa namna hiyo, zinasemaje? Mimi nililala nazo miaka arobaini. Fundi alikuwa akiniambia ni hesabu za njiti."

Nikaanza na ukuta wa kichwani, nikasoma mistari michache kimoyomoyo. "Bibi, hizi za upande huu ni zake mwenyewe. Ni za kuomba ruhusa. Za wakati yeye yuko hapa kazini na wewe bado uko kwenu."

"Mwendo wa siku mbili. Soma."

"'Salaam sana Bwana Meneja. YAH: RUHUSA YA MSIBA. Nasikitika kukuarifu kwamba mama mkwe wangu, Bi Nakolea, amefariki ghafla. Naomba siku saba.'"

"Mama yangu?"

"Ndivyo alivyoandika." Nikamtajia mwaka.

"Mwaka huo mama alivunja kitanda cha watu kwa kucheza ngoma kwenye arusi ya mdogo wangu."

Chini yake kulikuwa na jibu la Meneja, ukurasa mzima wa pole. Kando yake, miezi saba baadaye, Fundi aliandika tena. Mama mkwe amefariki, na safari hii aliugua kwanza. Mwaka uliofuata akafa kwa kutumbukia kisimani. Nikalisoma jibu la tatu: "'Kampuni inatoa rambirambi kwa mara nyingine, na inampongeza marehemu kwa uvumilivu.'"

Bi Somoe alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, mabega yanaruka. "Mama aliishi mpaka akamzika Meneja," akasema. "Na kiwanda akakizika. Endelea."

Iliyofuata ilikuwa chini kidogo, usawa wa mto wa kulalia, imebandikwa kwa uangalifu kuliko nyingine. "'Salaam sana Bwana Meneja. Mama mkwe wangu hajambo. Hakuna aliyekufa. Nimemkumbuka tu mke wangu. Naomba siku sita.'"

Hakucheka. "Akajibiwaje?"

Lilikuwa jibu fupi, na Meneja hakuweka salamu. "'Ombi halina sababu. Limekataliwa.'"

Aliikunja na kuikunjua ncha ya kanga. Akaniuliza tarehe, nikamsomea, akahesabu kwa vidole.

"Alikuja," akasema. "Alifika Ijumaa, miguu imevimba kama mihogo. Nikamuuliza, mama ni mzima, safari hii Meneja amekuruhusu kwa lipi? Akasema, ameniruhusu tu, Meneja ni mtu mwema sana. Mimi nikaamini. Siku anarudi nikampa kuku ampelekee."

"Kuna moja tena hapa chini, bibi. Ya Meneja."

"Isome, na salamu zake zote."

Nikapiga magoti sakafuni, maana ilikuwa chini kabisa, nikaisoma. "'Kwa Fundi Mfaume Likwata. Salaam sana, na salaam nyingi zaidi kwa mkeo na kwa mama mkwe wako, Mungu aendelee kumpa uzima. Mimi na watoto hatujambo, na leo tumeshiba. YAH: KUKU. Amepokelewa akiwa katika hali nzuri. Ruhusa uliyoomba imekubaliwa, kuanzia Jumatano iliyopita.'"